Sindano na Uzi: Pindo la akiba, cherehani inayosokota uzi na mfuko wa salfeti

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na karibu zote ni za akina mama wanaoshona usiku, watoto wakishalala. Tumechagua tano. Vipimo vyote ni kwa sentimita, na tunapotaja ukubwa wa kukata, nafasi ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo) tumeshaihesabu ndani yake.

*

Binti yangu yuko darasa la tatu. Sketi ya marinda ya shule niliyomshonea Januari, ikifika Juni imeshapanda juu ya magoti. Nikimnunulia kubwa inamvuka kiunoni. Nifanyeje sketi moja imfikishe hata miaka miwili?
*Mama wa watoto wanne, Igoma*

Mama, usiikate kwa urefu wa leo. Ongeza sentimita 12 kwenye urefu, kisha ziada hiyo uifiche sehemu mbili: 6 kwenye pindo la chini, na 6 kwenye mkunjo wa ndani ambao hapa tutauita pindo la akiba.

Pindo la akiba hushonwa kabla ya kupanga marinda. Ukisubiri marinda yapangwe, utakuwa unashona tabaka tatu za kitambaa na mstari utapinda tu. Shona kwanza pindo la chini. Halafu, ukipima sentimita 10 juu ya ukingo wake, chora mstari kwa chaki upande wa nje. Pima 6 juu ya mstari huo, chora wa pili. Kutanisha mistari hiyo miwili, uso kwa uso, ushone juu yake. Mkunjo utabaki ndani ukiwa na kina cha sentimita 3, nao umemeza 6 za urefu. Uelekeze chini, upige pasi. Kwa nje utaonekana mstari mmoja wa mshono, basi. Tumia uzi wa rangi ileile na hatua (umbali kati ya tundu moja la sindano na jingine) ndefu kabisa ya cherehani, maana mstari huu umeshonwa ili ufumuliwe. Siku ya kuufumua, kata kwa wembe kila hatua ya nne upande wa ndani, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka wote kwa mara moja.

Kwa nini 12 zote zisiwekwe kwenye pindo la chini? Pindo zito hugonga miguu, huvuta marinda na kuyafungua. Na kama sketi imepanuka chini, pindo refu haliwezekani kabisa: ukingo wa chini ni mpana kuliko sehemu unayoupandishia, kwa hiyo kitambaa kitajikunja vikunyanzi. Sketi ya namna hiyo isizidi pindo la sentimita 3.

Wengi huharibikiwa kwenye mstari uliopauka. Jua na sabuni hula rangi ya nje, lakini kitambaa kilichojificha ndani hubaki kipya, hivyo pindo likiteremshwa baada ya mwaka mzima, sketi huwa na rangi mbili. Dawa ni kuteremsha mapema: fumua pindo la akiba likizo ya Juni, hata kama anahitaji sentimita 3 tu. Akianza na sketi iliyo chini kidogo ya goti, hakuna mwalimu atakayelalamika. Alama ya mkunjo wenyewe (siyo ya kupauka) hulainika ukipaka siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, ukaweka kitambaa cheupe juu na kupiga pasi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana.

Kiuno kiachie nafasi kwa nyuma tu. Mtoto wa kiuno cha 60: mbele iwe mkanda wa kawaida wa 30. Nyuma kata mkanda wa 36, upitishe ndani yake lastiki ya urefu wa 26, ikiwa ni pamoja na sentimita 1 ya kushikiza kila upande. Lastiki ikiwa na upana wa 2.5, njia yake iwe 3. Ukiipa njia pana zaidi itajipindua ndani, na kuinyoosha ni kazi ya kila wiki.

Na kwa wenye watoto wa kiume: kaptula hufia makalioni. Ikiwa bado mpya, shonea ndani kiraka cha kitambaa hichohicho, na mshono wa katikati upitishe mara mbili kwa hatua fupi za milimita 2. Mshono ule hupita kwenye mkato wa kupinda, unavutika kila mtoto akiinama. Hatua ndefu hukatika hapo.

*

Cherehani yangu ya kukanyaga inasokota uzi chini ya kitambaa, fundo juu ya fundo. Juu mshono unaonekana sawa. Nimeambiwa ninunue bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na nyumba yake. Ni kweli imekufa?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Dada, ngoja kwanza na hela yako. Fundo linaloonekana chini karibu kila mara limeletwa na uzi wa juu. Uzi ule haukubanwa, kwa hiyo bobini inauvuta kadiri inavyotaka na unajaa chini.

Toa uzi wa juu wote. Inua mguu wa kubania kitambaa, ndipo upitishe uzi upya. Mguu ukiwa chini, vile visahani viwili vinavyobana uzi huwa vimefungana na uzi hukaa juu yake badala ya kuingia katikati. Hakikisha pia umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Ukiuruka huo, fundo haliepukiki. Sasa shusha mguu, vuta uzi kwa vidole: lazima usikie ukaidi. Ukiteleza bila shida, visahani vina vumbi au kipande cha uzi kimenasa. Kunja kitambaa chembamba, kipitishe katikati yake huku na huku.

Unapoanza kushona, shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma kwa hatua tatu nne za kwanza. Zikiachwa, humezwa.

Kama bado, fungua bamba lililo chini ya sindano, safisha nyuzinyuzi kwa brashi kavu. Halafu badilisha sindano. Tunalisema hili kila mara kwa sababu sindano butu inasingiziwa magonjwa yote ya cherehani. Namba 14 (au 90) inatosha kanga, kitenge na shati. Kitambaa chepesi kinataka 11 (75). Jinsi inataka 16 (100). Fulana na vitambaa vinavyovutika vina sindano yake yenye ncha ya mviringo, na bila hiyo cherehani itaruka hatua hata ukiifanyia nini. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja: uelekee kule uzi unakoingilia. Ikigeuzwa, haishoni kabisa au uzi unakatika.

Kwa ninyi mnaokaa jirani na maji: unyevu unaleta kutu. Funika cherehani, na kila unaposhona sana tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, ushone kwanza kwenye kitambaa chakavu kisichohitajika. Mafuta ya kula yasiingie humo. Yanaganda kama gundi, na baada ya muda gurudumu halizunguki.

*

Nauza samaki, na wateja wananiuliza mifuko imara. Nataka nishone ya kwangu na nishone ya kuuza. Salfeti za unga (mifuko ya plastiki iliyofumwa) ninazo nyingi, jinsi za mtumba nazipata sokoni Mlango Mmoja. Nianzeje?
*Mama muuza samaki, Mwaloni Kirumba*

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019, mfuko mzuri wa sokoni umekuwa kitu cha kununuliwa, na wewe uko mahali penye wateja. Tengeneza mfuko wa tabaka mbili: nje jinsi, ndani salfeti. Salfeti isishonwe moja kwa moja na jinsi pande zote. Ishikize kwenye mdomo tu, ili baada ya kubeba samaki igeuzwe nje na kuoshwa. Mfuko usiogeuzika utanuka ndani ya wiki, na mteja hatarudi.

Kata vipande viwili vya jinsi vya 43 kwa 52, na viwili vya salfeti vya 43 kwa 48. Tabaka la jinsi: shona pande mbili na chini, nafasi ya mshono 1.5. Ili mfuko usimame, shika kona ya chini, uifungue mpaka mshono wa ubavuni ukae juu ya mshono wa chini, kona iwe pembetatu. Pima 6 kutoka kwenye ncha, chora mstari wa kukatiza pembetatu; mstari huo utakuwa na urefu wa 12. Shona juu yake mara mbili. Fanya kona ya pili. Sasa una kitako cha 12, upana wa 28 na kimo cha kama 40 baada ya kupinda mdomo. Fanya hivyohivyo kwa salfeti, ila kona zake zishone mara moja tu, iingize ndani, kunja mdomo wa jinsi sentimita 4 kuifunika, ushone.

Mikono: vipande viwili vya 10 kwa 60. Kunja kingo zikutane katikati, kunja tena, shona pande zote mbili; unapata mkanda wa 2.5. Uteremshe sentimita 5 chini ya mdomo, shona mraba na ndani yake msalaba wa kukatiza. Mikono inayong'oka ni ile iliyoshonwa mstari mmoja kwenye ukingo; uzito wote unaning'inia kwenye nyuzi chache.

Salfeti ina tabia zake. Kila tundu la sindano linabaki wazi, kwa hiyo hatua fupi zinaitoboa kama stempu na inachanika kwenye mstari. Tumia hatua ya milimita 4, na usirudie rudie. Ukingo ukunje mara mbili kwa sababu unafumuka. Pasi isiiguse, itayeyuka. Kwa jinsi, pale mishono inapokutana ni nene mno: gonga kwa nyundo, kisha zungusha gurudumu kwa mkono hatua kwa hatua. Ukikanyaga kwa kasi hapo, sindano itavunjika.

Kwa biashara, usishone mfuko mmoja mmoja. Kata kumi, shona mikono ishirini, halafu kona zote. Utashangaa muda unavyopungua.

*

Nina kanga imepauka lakini haijachanika. Inatoa foronya ngapi?
*Mama, Sengerema*

Mbili, na hakuna hata kipande cha kutupa. Kanga nyingi ni kama 150 kwa 110. Pima yako kwanza. Ikate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya 150 kwa 55. Pinda ncha fupi za kila kipande, sentimita 2 kila upande, zibaki 146. Tandika uso ukiwa juu. Toka kushoto pima 16, tia alama. Chukua ncha ya kulia uilete mpaka kwenye alama. Kile cha 16 kilichobaki kikunje juu yake. Shona pande mbili ndefu, geuza. Umepata foronya ya 65 kwa 52 yenye mfuniko, bila kifungo wala zipu.

Kasoro ni moja: jina la kanga litaangukia kwenye mkunjo, nusu mbele nusu nyuma. Kama maneno yale unayapenda, mbele ikate peke yake, jina likae katikati, nyuma utafute kitambaa kingine. Tungefanya hivyo.

*

Nafanya kazi za zamu, nina mtoto mchanga. Natamani kushona shuka la vipande vya kitenge, lakini sipati hata saa moja ya kukaa. Nisubiri?
*Msomaji, Mabatini*

Usisubiri, mama. Shuka la vipande ndiyo kazi pekee ya kushona inayovumilia dakika 15 kwa siku, mradi usichanganye hatua. Omba masalia kwa mafundi. Mengi huishia kwenye moto. Chagua pamba tupu. Poliesta ikichanganywa na pamba, moja itasinyaa na nyingine kubaki ukifua, na shuka litajaa mawimbi. Fua vyote kwanza, chekundu na cheusi vifue peke yake. Sugua kitambaa cheupe chenye maji juu yake. Kikipata rangi, rudia kufua.

Shuka la mtoto la 80 kwa 96 linahitaji miraba 120 ya 10 kwa 10, kumi upana na kumi na miwili urefu. Kila mraba ukishonwa unabaki 8. Kata boksi gumu la 10 kwa 10 liwe kipimo chako. Wiki ya kwanza chora na kukata tu. Wiki ya pili unganisha mbili mbili, bila kukata uzi kati ya jozi na jozi. Zitoke kama mnyororo, utakata baadaye. Kazi hii yote inaweza kuhifadhiwa kwenye beseni lenye mfuniko, mtoto akilia unaiacha ilipo.

Jambo moja ulishike kwa nguvu: nafasi ya mshono iwe sentimita 1 kamili. Ukizidisha milimita 2 tu, kila kiungo kinakula milimita 4, na safu ya miraba kumi ina viungo tisa. Safu hiyo itapungua sentimita 3.6 na haitalingana na jirani yake. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hapo. Safu zikipishana pamoja na hayo, usivute ndogo ifike kubwa. Fumua viungo viwili vya safu fupi, uvishone upya.