Sarafu haichapishwi?

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Naandika kutoka Kisauni. Ninayo ile sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Kibaki, iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Nimeitia kwenye fremu na chini nikaandika: "Sarafu ya kumbukumbu iliyochapishwa 2003." Kakangu kacheka, asema sarafu haichapishwi. Ni kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam. Kakako ana haki ya kucheka, ila asizidishe. Kinachochapishwa ni noti, maana ni wino juu ya karatasi. Sarafu haina wino. Kibati kitupu huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma iliyonakshiwa kinyumenyume, kisha kikagandamizwa kwa dharuba moja nzito. Palipochimbwa kwenye muhuri ndipo panapotokeza kwenye sarafu. Pitisha kidole usoni mwa Kibaki utapasikia. Yako ina pete na moyo wa metali tofauti, na dharuba hiyo hiyo ndiyo iliyovikamatisha. Basi sema "iliyopigwa chapa". "Iliyofuliwa" nayo ni Kiswahili safi, lakini mimi nikisikia kufua namwona sonara na nyundo yake, si mtambo.

Nimesema asizidishe kwa kuwa "chapa" na "chapisha" ni mtu na nduguye, asili yao Bara Hindi. "Pesa" nayo ilitoka huko huko, ikiwa jina la sarafu ndogo tu. Kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani yetu ilipigisha pesa zake mwaka 1888, na wakusanyaji hadi leo huziita za Mombasa.

Kosa ambalo kakako hakuliona ni "kumbukumbu". Hizo ni mambo yaliyohifadhiwa: kumbukumbu za mkutano, za mahakama. Sarafu yako ilikuwa pesa ya matumizi. Mtu alirudishiwa chenji na makanga, akaiona mkononi, uhuru ukamjia akilini pale pale kwenye foleni ya feri Likoni. Kazi hiyo ni kukumbusha, kwa hiyo ni sarafu ya ukumbusho. Sura ya rais hutaipata tena kwenye sarafu mpya; Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu yeyote, ndiyo maana zile za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu.

Ingawa, kwa vile umeshaifungia ndani ya fremu na haizunguki tena, ukishikilia "kumbukumbu" sitakugombeza. "Iliyochapishwa" ifute.