SAT 1480 na MIT, nafasi ipo?

Dogo, 1480 kwenye SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) siyo mbaya kabisa, ila kwa MIT, chuo cha teknolojia huko huko, hesabu yako 790 iko fresh, kinachokuangusha ni hiyo 690 ya kusoma na kuandika, wengi wanaopita wako juu ya 730 hapo. Rudia mtihani, wao wanachukua alama ya juu ya kila upande kwa hiyo hesabu haipotei hata ukiharibu. Na usidanganywe eti SAT siku hizi ni hiari, MIT waliirudisha 2022, Harvard wakafuata 2024, Yale nao mwaka huo wakarudisha mitihani ila si lazima iwe SAT.

Divisheni wani ya pointi 3 PCM (fizikia, kemia, hesabu) safi sana, lakini kwa wanafunzi wa nje ya Marekani MIT wanachukua kama 2 tu kati ya 100, so usitume huko peke yake. Kuhusu hela usiogope, MIT, Harvard, Yale, Princeton na Amherst kuomba msaada wa ada hakukupunguzii nafasi hata kama ni mgeni, ila Stanford na Cornell wanaangalia kama mgeni anaomba hela. Bowdoin nayo iko kundi la kwanza na SAT hawalazimishi tangu 1969, watu wa kwetu wanairuka sijui kwa nini.

Barua za walimu za kukupendekeza ndo balaa. Wa fizikia asiandike "ana nidhamu na anawahi namba", aelezee ile pampu mliyounda. Wa pili MIT wanataka wa sanaa au lugha, we PCM unaye wa GS (General Studies) tu, mfuate mapema kabla shule haijafunga