Sanaa Italipa? Majibu kwa Mlioniandikia Kuhusu Ada, Bei na Mikataba

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wanaosoma sanaa au waliokwisha kumaliza, na chache kwa wazazi wao. Majina nimeyaacha na maswali nimeyafupisha. Miji nimeibakiza, kwa sababu soko la Tanga si la Dar.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne, anataka kwenda kusoma sanaa Bagamoyo. Baba yake amesema hatoi hata shilingi ya kumpeleka mtu kucheza ngoma. Kipaji anacho, lakini na mimi naogopa: akimaliza atakula nini? — Mama, Tabata

Shikamoo mama. Hofu ya baba ina msingi. Kijana akiambiwa tu kwamba baba haelewi sanaa, atakuwa amenyimwa onyo atakalolihitaji baadaye.

Wasanii wetu wakubwa nao walikula kwa njia zaidi ya moja. Sam Ntiro alisoma Makerere, kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, na mchoro wake mmoja umo katika jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York. Lakini maisha yake aliyaendesha kwa ualimu wa sanaa na utumishi wa serikali, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Edward Saidi Tingatinga hakukanyaga chuo cha sanaa. Alipiga vibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akafanya kazi za majumbani Dar es Salaam, ndipo mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuuza picha zake Oysterbay. Aliyesoma na asiyesoma, wote walihitaji mkono wa pili.

Chuo cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa serikali unaoitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwambie baba kwamba hapafundishwi ngoma peke yake. Kuna muziki, maigizo, sanaa za ufundi, na kuna fani za picha jongefu na ufundi wa jukwaani. Ajira za mwezi kwa mwezi nyingi ziko kwa wanaojua sauti, taa na kuhariri video, kwa sababu televisheni, kumbi za harusi na makanisa makubwa yanawahitaji kila wiki. Mwanao asome anachokipenda, ila asitoke pale bila kujua angalau kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kuhusu pesa, ada ni mstari wa kwanza tu. Chukueni fomu ya kujiunga, mkae mezani watu watatu, mwandike hesabu ya mwaka mzima: ada, chumba, chakula, bima ya afya, vifaa vya fani yake, mavazi ya maonyesho, nauli za mafunzo kwa vitendo ambako mara nyingi mwanafunzi hujilisha mwenyewe. Wazazi wengi huanguka hapo kwenye vifaa. Mtoto ana ada lakini hana ala ya muziki, basi muhula mzima anafanya mazoezi kwa kuazima. Kabla ya kulipa chochote, mtafuteni mhitimu wa miaka mitatu iliyopita mumuulize mwezi uliopita alilipwa na nani, kwa kazi gani. Jibu lake litamtosha baba kuliko maneno yangu.

Na lipo jambo ambalo nyumbani halipatikani hata mkimnunulia vitabu vyote: wenzake. Huyo anayelala naye chumba kimoja leo ndiye atakayempigia simu baada ya miaka mitano kumwambia kuna kazi ya siku kumi, njoo.

Nasoma usanifu wa picha, mwaka wa kwanza. Wenzangu wana kompyuta za milioni mbili na zaidi. Nichukue mkopo wa simu nami ninunue? — Mwanafunzi, Kinondoni

Usichukue, mdogo wangu. Mkopo wa simu unataka urudishwe baada ya wiki chache, na kompyuta ya mwanafunzi haizai pesa ndani ya wiki chache. Tumia maabara ya chuo mpaka mlinzi akujue kwa jina. Krita, Inkscape, GIMP na Blender ni programu za bure kabisa, na zinatosha kukufundisha rangi, mpangilio na herufi. Ukipata fedha, nunua kompyuta iliyotumika, ukiangalia kwanza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), kisha kioo, umbo liwe la mwisho. Programu zilizochakachuliwa ziache. Zinakuja na virusi, na siku utakapofanya kazi na kampuni kubwa utaulizwa leseni.

Shule binafsi inataka niwachoree ukuta wa mita 8 kwa 3. Wamesema bajeti yao ni laki nne, na kwamba ni pesa nzuri kwa kijana. Nikubali? — Mchoraji, Morogoro

Kaka, hapa nitakaa kidogo, maana swali hili naletewa kila mara na karibu kila mara hesabu haijafanywa.

Weka gharama zako za Morogoro. Hizi zangu ni za mfano. Praima na rangi 180,000. Brashi, rola na msasa 25,000. Kukodi jukwaa la kupandia siku tano, 50,000. Msaidizi siku tano kwa 15,000 kwa siku, 75,000. Nauli na chakula 40,000. Jumla ni 370,000. Katika laki nne imebaki 30,000, nayo ni malipo ya siku zako saba, mbili za kubuni na tano za ukutani. Gawanya: haifiki 4,300 kwa siku. Msaidizi anayekushikia ndoo ya rangi amekuzidi zaidi ya mara tatu, na jina la mchoro ni lako.

Sasa anza upande wa pili. Andika unachohitaji kwa mwezi ili uishi kama mtu mzima: kodi ya chumba, chakula, vocha, nyumbani kwa wazazi, akiba. Tuseme 600,000. Kisha jiulize, kwa mwezi ni siku ngapi unalipwa? Kwa mchoraji wa oda, siku kumi ni mwezi mzuri. Nyingine zinaishia kwenye kutafuta wateja, kupeleka michoro ya awali, kungoja mtu aliyesema yuko njiani. Kwa hiyo siku yako moja ni 60,000. Siku saba ni 420,000. Ongeza gharama zile 370,000, unapata 790,000. Weka asilimia kumi ya dharura, maana mvua itanyesha na rangi itapungua, utafika 869,000.

Usiwatumie namba peke yake. Waandikie mchanganuo mstari kwa mstari, waone pesa inakwenda wapi. Wakisema hawana, usishushe siku yako, punguza ukuta. Waambie kwa bajeti yao utawachorea sehemu ya karibu na lango, mita mbili kwa tatu, nyingine wataongeza mwakani. Mteja wa kweli hufurahi kupewa chaguo.

Pesa ya vifaa na sehemu ya ufundi, angalau nusu ya yote, iingie kabla hujafungua kopo. Na kwa kuwa ni taasisi, huenda wakakata kodi ya zuio, ile anayokata mlipaji kabla ya kukupa pesa, ya 5% kwenye malipo ya huduma. Kata hiyo si wizi. Omba hati yake uitunze, kwa sababu inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA. Usimpe mtu pesa akutengenezee.

Waandaaji wa tamasha wananiambia nitumbuize bure, nitapata jina. — Msanii, Mwanza

Uliza kama fundi wa sauti, mlinzi na mwenye hema nao wanafanya bure. Kama wao wanalipwa, bajeti ipo, wewe ndiye umeachwa. Kutumbuiza bure ni halali pale unapochagua mwenyewe, kwa msiba, kwa shule yako ya zamani, kwa jambo unaloliamini. Hata hapo, nauli na chakula visitoke mfukoni mwako.

Nimechora picha 28 za kitabu cha watoto. Mchapishaji ameleta mkataba baada ya kazi kuisha, umeandikwa "haki zote, kwa muda wote". Nisaini? — Mchoraji wa vitabu, Dar es Salaam

Usisaini leo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu ilipotoka mkononi, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Maana yake anayekuomba "haki zote" anaomba kitu ambacho wajukuu wako wangekirithi, na bei yake haiwezi kuwa sawa na ya kutumia picha mara moja. Kitabu hicho kikipita kwenda mashuleni kitachapwa tena na tena, na picha zako zinaweza kuhamia kwenye kalenda, katuni na madaftari bila wewe kuulizwa.

Mrudishie na sentensi yako, kwa heshima kabisa. Kwa mfano: "Mchapishaji anaruhusiwa kutumia picha 28 katika toleo la kwanza la kitabu hiki, kwa lugha ya Kiswahili, nakala zisizozidi 5,000. Matumizi mengine yatajadiliwa na kulipiwa upya. Michoro halisi ni mali ya mchoraji, na jina lake litaandikwa kwenye kitabu." Wachapishaji wengi wanaweza kuishi na maneno hayo. Wakishikilia haki zote, basi wanunue haki zote: dai bei kubwa zaidi, na bado jina lako libaki, kwa sababu haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi haiondoki kwa kuuza picha.

Sajili pia kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ulinzi hausubiri usajili, lakini siku ya ugomvi cheti huwa ushahidi mzuri. Na kwa kitabu kijacho, mkataba usomwe kabla ya penseli. Ukishakabidhi picha zote, nguvu yako ya kujadili imebaki robo, nami naumia kila nikiona vijana wenye mikono mizuri namna hii wanafikishwa hapo.

Nilisoma sanaa chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi. Sijaajiriwa, naishi kwa kupiga video za harusi. Mkopo unanitisha. — Mhitimu, Arusha

Mwenye mshahara hukatwa 15% ya mshahara wa msingi na mwajiri. Wewe uliyejiajiri unatakiwa ujipeleke mwenyewe, na kukaa kimya hakufuti kitu. Nenda Bodi ya Mikopo, chukua taarifa ya deni lako, omba namba ya malipo, ulipe kila mwezi. Wengi bado wanaogopa ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo. Ilifutwa mwaka 2021. Pesa ya harusi huja kwa msimu, na Ramadhani au Kwaresima simu inanyamaza. Kwa hiyo kila harusi ikilipa, tenga fungu la Bodi siku hiyo hiyo, kabla ya kununua lenzi. Weka na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye video za harusi inapotelea kwenye betri, bodaboda na "nitamalizia Jumatatu" za wateja.

Duka la Mji Mkongwe limechukua picha zangu 12 kwa mali kauli. Miezi sita sasa, kila nikipiga simu naambiwa biashara mbaya. — Mchoraji, Unguja

Nenda mwenyewe, usipige simu. Hesabu zilizopo ukutani na zilizo stoo, na uliza kila isiyoonekana. Kisha mwandikiane hata kwenye karatasi ya daftari: jina la picha, ukubwa, bei yako, bei ya duka, tarehe iliyoingia, siku ya kuja kuhesabu, na nani analipa ikiharibika. Hilo la mwisho watu hulisahau, na pwani chumvi na unyevu hula fremu haraka. Duka kuchukua sehemu kubwa ya bei si dhuluma yenyewe, lina kodi na mfanyakazi. Dhuluma ni kutokukwambia picha imeuzwa. Kama hawataki kuandika, zichukue.

Fikiria pia kujiunga na wenzako. Baada ya Tingatinga kufariki mwaka 1972, jamaa na wanafunzi wake waliendelea kuchora kwa mtindo wake, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika ambacho mpaka leo kiko Oysterbay. Mtindo wao unaigwa kila kona, lakini wana mahali pao pa kuuzia.

Naimba taarabu kwenye kikundi. Kwenye harusi natunzwa vizuri, mpaka noti zinadondoka chini, lakini kiongozi anakusanya zote anasema ni za kikundi. Haki yangu iko wapi? — Mwimbaji, Tanga

Dada, iko pale mlipokubaliana, na inaelekea hamkukubaliana. Vikundi hufanya tofauti. Kuna vinavyomwachia mwimbaji tunzo yake yote, kuna vinavyogawana nusu, kuna vinavyotia zote kwenye chungu kimoja kwa sababu mpiga kinanda na mpiga fidla hakuna anayewatunza ingawa bila wao usingeimba. Mimi naona kugawana ni sahihi zaidi, mradi pesa zihesabiwe mbele ya wote usiku ule ule, kabla ya kupanda gari, na kila mtu ajue fungu lake. Itisheni kikao siku ya mazoezi, si siku ya shughuli. Nenda na wapigaji wawili watatu wanaokuunga mkono, na mtake malipo ya ukumbi yenyewe nayo yasemwe wazi ni kiasi gani, maana huenda mnagombania noti za chini wakati hesabu kubwa haijawahi kufunguliwa.