Waya wa pawasaplai ya zamani ubaki na pawasaplai ya zamani

Jumamosi iliyopita nimeingia dukani saa nne asubuhi nikamkuta kijana wetu mpya kainamia kesi ya kompyuta. Pawasaplai mpya, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ipo mezani, bado ina nailoni, na mkononi kashika waya wa SATA, unaopeleka umeme kwenye diski, alioutoa kwenye ile ya zamani. Nikamwambia weka chini. Akanijibu, "Kaka, huu umeshapita vizuri nyuma ya madabodi, naupachika tu huku." Nikamwambia tena weka chini, kwa sauti iliyomfanya mteja aliyekuwa kwenye benchi ainuke. Baadaye nilimwomba radhi kijana kwa ile sauti. Kwa kumzuia sikumwomba radhi. Ni wa tatu mwaka huu ninayemkuta na waya wa hivyo mkononi, na ndiyo sababu naandika haya.

Mnaofufua mashine za zamani kwa kubakiza vifaa vyake, kazi yenu naipenda. Mteja mwenye kompyuta ya prosesa ya i5 ya 2013 hana haja ya kuambiwa atupe mashine wakati SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) zingemvusha miaka mingine. Ila makosa mnayorudia ni yale yale tuliyoyafanya sisi, na mengine yanaumiza watu wasiohusika.

1. Uliza kazi ya mashine kabla ya kushika bisibisi. Anayeandika barua na kuchapa risiti hahitaji kadi ya grafiki, hata kama wewe unatamani kuifunga.

2. SSD kwanza, vingine baadaye. Lakini kabla ya kupiga klooni, yaani kunakili diski nzima kwenda nyingine, soma SMART ya diski ya zamani, ripoti ya afya yake. Ukiona sekta zinazosubiri (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) si sifuri, vuta kwanza mafaili ya mteja, klooni itafuata.

3. RAM: soma lebo mpaka herufi ya mwisho. Kuna kijana alirudi kutoka Kariakoo anatabasamu, kapata RAM ya kizazi cha DDR3 vipande vinne vya GB 8 kwa bei ya viwili. Vikaingia kwenye nafasi zake bila tabu, mashine haikuwaka. Akabadilisha nafasi, akafuta meno kwa raba, akachomoa betri ya bayosi (programu ya kuwashia mashine), mchana mzima. Lebo ilisema PC3-12800R. Hiyo R ni RAM ya seva. Desktopu zenu zinataka U. Pengo lililo kwenye meno ya DDR3 na DDR4 haliko sehemu moja, hivyo hata ukilazimisha utazuiwa, lakini R na U pengo lao ni moja na hakuna cha kukuzuia zaidi ya macho yako. Mwenye duka alikubali kuvibadilisha kwa sababu ni muungwana. Msimtegemee kila siku.

4. Waya za pawasaplai hazihamishwi. Hili nitawasimulia lilivyonipata.

Ilikuwa 2019. Mteja alikuwa mzee mpima ardhi, ofisi yake chumba kimoja Buguruni. Mashine ya kuunganisha: madabodi (bodi kuu) ya H81, prosesa i5-4570, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, pawasaplai ya waya za kuchomoa. Alikuwa anachora ramani za viwanja, na faili likiwa kubwa mashine inaganda anakwenda kunywa chai. Tukakubaliana SSD ya GB 240, RAM ifike 16 ambayo ndiyo mwisho wa H81, na kadi ya grafiki ya mtumba. Kadi ilitaka waya wake wa pini sita, kwa hiyo na pawasaplai kubwa zaidi. Kesi, prosesa, feni na diski ya zamani vinabaki.

Asubuhi nikapiga klooni. SSD ikawaka, mafaili yapo, programu ya kuchorea ikafunguka kabla sijaondoa mkono kwenye mausi. Nikaifomati ile diski ya zamani iwe D ya kuhifadhia, nikamwaga humo madraiva na faili la Windows. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Nakala ilikuwa na umri wa saa mbili na mimi nimeshafuta asili yake.

Mchana nikafunga pawasaplai mpya. Chapa ile ile ya zamani, toleo tofauti. Waya wa SATA wa zamani nilikuwa nimeulaza nyuma ya kesi na kuufunga vibana sehemu nne, umenyooka, unapendeza. Kukata vibana na kulaza mwingine nikaona ni nusu saa ya bure. Nikauacha, upande wa pili nikaupachika kwenye pawasaplai mpya. Uliingia. Ulilia "kli" kama umezaliwa pale. Nikawasha.

Hapakuwa na mlipuko. Feni ilicheza robo mzunguko ikasimama. Kisha ikaja ile harufu. Nikachomoa umeme, nikafungua kava la SSD: kwenye chipu kubwa palikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya mtama, katikati yake tundu.

Sikilizeni vizuri hapa. Upande wa diski, plagi ya SATA ina mpangilio mmoja dunia nzima, pini 15, volti 5 zina mahali pake na volti 12 mahali pake. Upande wa pawasaplai hakuna mpangilio wa pamoja. Kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na mtengenezaji huyo huyo anaweza kubadilisha kati ya toleo na toleo huku umbo la plagi likibaki lile lile. Pale ambapo pawasaplai ya zamani ilitoa 5, mpya ilitoa 12. SSD ile ilikuwa ya kula volti 5. Na waya wenyewe zote zilikuwa nyeusi, kwa hiyo hata rangi ya kukuonya haipo.

Nikampigia Mzee saa kumi na moja jioni. "Shikamoo Mzee. Nimeunguza diski zako zote mbili." Alinyamaza, kisha akaitikia marahaba kwanza, ndipo akauliza, "Vipimo vya Kisarawe vilikuwemo humo?" Vilikuwemo. Kazi ya miezi, na kumbukumbu ya kifaa cha kupimia alikuwa ameshaisafisha ili aanze kazi nyingine.

Ile diski ya kuzunguka iliokolewa na fundi mmoja aliyenitangulia. Kwenye bodi ya diski kuna kidayodi cha kinga kwenye njia ya volti 5, kikizidiwa kinajishoti kife chenyewe. Alikipima, mita ikaonyesha karibu sifuri, akakinyanyua kwa pasi, diski ikazunguka. Lakini ilikuwa imefomatiwa na kuandikwa juu. Tulichovuta kilirudi bila majina: namba, namba, namba. Mzee alikaa wiki tatu akifungua mchoro mmoja mmoja kujua ni kiwanja cha nani. Sehemu ya Kisarawe haikurudi, kwa sababu ndipo nilipomwaga madraiva yangu.

Nilimnunulia SSD nyingine, hiyo ni fedha tu. Kilichobaki nilikwenda kukifanya kwa miguu. Jumamosi mbili nilimshikia fimbo ya prizimu kwenye mashamba ya mihogo, yeye yuko mbali anachungulia kwenye kifaa, ananipungia mkono. "Kushoto kidogo, fundi. Hapo hapo. Usitikisike." Mawe mengine ya mpaka yalikuwa yameshafunikwa na majani, tukayatafuta kwa jembe. Hakunifokea hata mara moja, na mpaka leo mashine yake naitengeneza mimi.

Basi: tumia waya zilizokuja ndani ya boksi la pawasaplai hiyo hiyo. Za zamani zifunge pamoja na pawasaplai yake, uandike kwa maka pen. Na diski ya asili ikae kabatini wiki mbili bila kuguswa, mteja akiisha kuthibitisha kila kitu ndipo uifomati.

5. Mashine za ofisi mziangalie plagi kabla ya kuahidi. OptiPlex 9020 ya Dell inapeleka umeme kwenye madabodi kwa plagi ya pini 8, si 24 mliyozoea, na EliteDesk 800 G1 ya HP ina yake ya pini 6. Pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Kwenye kesi nyembamba chagua kadi fupi inayoishi kwa umeme wa nafasi yake ya PCI Express, ambao haupiti wati 75.

6. Soketi ya prosesa kufanana si ruhusa. LGA 1151 ya Intel ya 2015 na ya 2017 zinapokea umbo moja la prosesa, na prosesa ya kizazi cha 8 haitawaka kwenye madabodi ya kwanza. Angalia orodha ya mtengenezaji wa madabodi.

7. Bayosi: andika hali ya SATA (namna mashine inavyoongea na diski, RAID au AHCI) kabla hujabadilisha chochote, maana Dell nyingi zinakuja kwenye RAID, ukiihamishia AHCI baada ya klooni unapata skrini ya bluu. Na usiisasishe bila UPS (betri ya akiba), umeme wetu mnaujua. Saa ikirudi nyuma kila asubuhi na tovuti zikagoma, badilisha betri ya bayosi, CR2032, kabla hujamlaumu mtu wa intaneti.

8. Mwambieni mteja ukweli kuhusu Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Zipo njia za kuzunguka, nazijua na mnazijua, lakini achague yeye akijua kwamba si njia rasmi. Wateja wawili nimewahamishia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, mmoja alirudi kushukuru, mwingine alirudi kutaka Excel yake.

Yule kijana wa Jumamosi sikumwacha na makaripio tu. Nilimpa kile kile alichokuwa amekishika. Tukaiweka pawasaplai mpya mezani bila diski yoyote, tukachomeka waya wa zamani, nikamwonyesha kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya 24 ili iwake bila madabodi. Kwenye plagi ya SATA nikamwambia pima pini ya 8, hapo panatakiwa volti 5. Akaweka ncha nyeusi ya mita kwenye pini ya 5, ambayo ni ya ardhi, nyekundu kwenye ya 8, akasoma kwa sauti.

"Kumi na mbili nukta moja."

Akasoma tena. Kisha akazima, akachukua mkasi, akaanza kukata vibana.