Maswali ya Wasomaji: Shela Jeupe Juu ya Udongo Mwekundu

SWALI: Ndugu Mhariri, nina studio ndogo ya picha hapa Dodoma. Maharusi wengi hupenda kupigwa picha nje ya mji, penye mibuyu na udongo mwekundu, lakini baadaye wapo wanaoomba niwahamishie kwenye mandhari nyingine. Ninatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, na humzungushia bibi harusi mstari kwa mkono. Mwili hutoka vizuri, ila shela huwa kama limekatwa kwa mkasi, na pembeni hubaki wekundu wa udongo. Nifanyeje?
*Mpiga picha, Nkuhungu*

JIBU: Ndugu msomaji, mkono wako hauna kosa. Mstari wa kuzungushia huigawa picha pande mbili tu, ndani na nje, ilhali shela ni kitambaa kinachopitisha mwanga, na pikseli zake nyingi, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, ni mchanganyiko wa kitambaa chenyewe na udongo ulio nyuma yake. Hata ukiulainisha ukingo, utapata ukungu tu. Unachohitaji ni maski ya leya (leya ni tabaka la picha), ambayo huiruhusu kila pikseli ionekane kwa kiasi chake, kuanzia 0, yaani isionekane kabisa, hadi 255.

Maski hiyo huna haja ya kuichora, kwa kuwa sehemu yake kubwa imo ndani ya picha. Picha ya rangi huundwa na chaneli tatu: nyekundu, kijani na bluu. Udongo mwekundu hurudisha mwanga wa bluu kidogo sana, kwa hiyo ukiitazama chaneli ya bluu peke yake utaona ardhi imekuwa nyeusi na shela linang'aa. Inakili chaneli hiyo, kisha rekebisha viwango vya mwanga vya nakala mpaka udongo uwe mweusi kabisa na mikunjo minene ya shela iwe myeupe. Kijivu kinachobaki katikati usikiondoe, maana hicho ndicho wepesi wa kitambaa. Igeuze nakala hiyo kuwa chaguo, yaani eneo lililochaguliwa, na kutokana nalo itengenezee leya maski. Uso na mikono vitafifia, kwa sababu ngozi yetu nayo huwa na giza katika chaneli ya bluu. Hapo sasa mstari wako wa mkono una kazi, kwani utauzungushia mwili, utalifinya chaguo kwa pikseli 1, kisha utalijaza rangi nyeupe kwenye maski.

Ikiwa nyuma ya shela kuna anga la bluu badala ya udongo, tumia chaneli nyekundu, kwa kuwa humo ndimo anga huwa na giza zaidi. Penye anga na udongo pamoja, tengeneza maski mbili na uziunganishe. Lakini vumbi jeupe la kiangazi likiwa limetanda nyuma ya shela, hakuna chaneli itakayokufaa, na itabidi upake maski kwa brashi, taratibu.

Kuhusu wekundu wa pembeni, maski huamua kipi kionekane, haibadilishi rangi. Rudi kwenye picha yenyewe, weka brashi katika hali ya kubadilisha rangi tu, chagua kijivu, na upake juu ya shela: mwanga na vivuli vya kitambaa vitabaki, wekundu utaondoka. Kwa maoni yangu, mibuyu ile hupendeza kuliko maporomoko ya maji ya kuazima, lakini mwenye harusi ndiye anayelipa.

SWALI: Nikishaondoa mandharinyuma na kuhifadhi picha, nikiifungua tena nakuta imejaa weupe. Kwa nini?
*Msomaji, Kondoa*

JIBU: Bila shaka umeihifadhi kwa JPEG, ambayo haibebi uwazi. Itoe kwa PNG, na uhifadhi pia faili la XCF, muundo wa GIMP yenyewe, ambalo hutunza leya na maski zake, ili mteja akitaka mandhari nyingine usilazimike kuanza upya.