Wadogo zangu wa saikolojia, Pavlov si kengele

Muhula huu mzima nimekaa viti vya nyuma kwenye semina za mwaka wa kwanza, na uvumilivu umeniisha. Kundi la kwanza linasimama: Pavlov, kengele, mbwa, mate. La pili: Maslow, piramidi ya mahitaji. La tatu: Freud, ngono, kicheko, makofi, kaeni chini. Madesa, yaani notisi za kurithishana, ni yale yale tuliyorithi sisi, na sisi tuliyarithi kwa waliotutangulia. Hata makosa ya herufi hayajaguswa. Wundt, baba wa saikolojia ya maabara, bado anaandikwa "Wunt". Ningekuwa siwapendi ningenyamaza, mkutane na sapu, mtihani wa marudio, wenyewe.

1. Kabla ya kukariri neno la mtu, uliza mezani kwake kulikuwa na nini. Pavlov alikuwa mwanafiziolojia, na Nobel yake ya 1904 alipewa kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walifanyiwa upasuaji mdogo shavuni ili mate yatoke nje na kuhesabiwa tone kwa tone. Shida ikaja pale mate yalipoanza kutiririka kabla ya chakula, mbwa akishamwona tu mhudumu anayemlisha. Mwingine angesema jaribio limeharibika, afukuze mhudumu. Yeye akaifanya ile shida ndiyo kazi, akatumia metronomu (kifaa cha kupiga mapigo ya muziki), taa, hata mguso wa ngozi. Andika hivyo kwenye mtihani, msahihishaji ataamka. Andika kengele peke yake, atakupa nusu alama huku anasinzia.

2. Tazameni miaka. Piaget wa Uswisi na Vygotsky wa Urusi, watafiti wa fikra za mtoto, wote wamezaliwa 1896, ndiyo maana mnawaeleza kama watu waliokuwa wakibishana meza moja. Vygotsky alikufa kwa kifua kikuu 1934, akiwa na miaka 37, na ukosoaji wake kwa Piaget umo katika kitabu kilichotoka mwaka huo huo. Piaget alikuja kumjibu 1962, kitabu kilipotoka kwa Kiingereza. Miaka 28 baadaye, unamjibu marehemu! Na nyie mnalalamika mhadhiri akichelewesha matokeo wiki mbili.

3. Skinner, Mmarekani aliyechunguza jinsi matokeo ya tendo yanavyojenga tabia. Hapa nitakaa, maana hapa niliharibu.

Nilikuwa fildi, mafunzo ya vitendo, kwenye shule moja ya msingi. Mwalimu mkuu akaniomba niwaeleze walimu saikolojia ya nidhamu baada ya vipindi. Nani angekataa? Nikachomekea shati, nikashika chaki, nikawaambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: uimarishaji chanya ni zawadi, uimarishaji hasi ni adhabu, na Skinner amethibitisha kwamba vyote viwili vinajenga tabia. Desa ndivyo lilivyosema. Hakuna aliyeuliza swali, wote waliandika. Mwalimu wa nidhamu, mzee mpole kabisa akishaweka fimbo chini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe hata Wamarekani wanalijua hili, kijana wangu."

Siku chache baadaye niko ofisini najaza logibuku. Nje, watoto wa darasa la tano waliochelewa namba wamepangwa mstari kando ya bomba. Mzee akaniita mlangoni, mkononi ana fimbo ya mpera, anatabasamu. "Mwalimu, njoo uone uimarishaji hasi." Kila mtoto viwili. Binti wa mwisho kwenye mstari alikuwa ameshaanza kulia kabla hajafikiwa, na mimi nimesimama pale na kitambulisho cha chuo kifuani, kama vile nimetumwa kuja kuipigia fimbo ile muhuri. Tangu siku hiyo ofisi nzima ikawa na msemo: mtoto akikosea, "huyo mpe Skinner". Walicheka. Nilicheka nao, na kile kicheko ndicho kinachoniuma kuliko lile somo lenyewe.

Ukweli niliukuta wakati wa kuandika ripoti, nilipoingia maktaba kutafuta ukurasa wa kunukuu. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, unaongeza tabia. Hasi maana yake kuna kero inaondolewa: panya anabonyeza wenzo, umeme unaomchoma unakatika, mara nyingine anauwahi wenzo mapema zaidi. Adhabu ni habari nyingine. Nikazidi kusoma, nikazidi kuloa jasho. Katika kitabu chake cha 1938, Skinner anaeleza panya waliozoea kupata chakula kwa kubonyeza wenzo. Chakula kikasitishwa, na baadhi yao, mwanzoni, wenzo ukawa unawapiga miguuni kila wakibonyeza. Hao wakapunguza upesi. Kipigo kilipoondolewa wakarudia kubonyeza, na hatimaye jumla ya mibonyezo yao ikawafikia wenzao ambao hawakuguswa kabisa. Yaani mtu niliyempa mzee kama shahidi wa fimbo alikuwa ameshaipima fimbo, akaona inazuia kwa muda tu.

Nilirudi shuleni kusahihisha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Sawa kijana. Ila wewe Ijumaa unaondoka, mimi nabaki na watoto tisini darasa moja." Sikuwa na jibu. Nikanywa chai.

Kwa hiyo mkiniona seminani nasimama mtu akisema "uimarishaji hasi, yaani adhabu", si kiburi. Ni yule binti wa bombani.

4. Orodha za nani mkubwa zaidi, msizilalie. Ile inayotajwa sana ilitoka Marekani 2002, ya wanasaikolojia wa karne ya 20: Skinner wa kwanza, Piaget wa pili, Freud wa tatu, Bandura wa nne. Wundt, mwenye maabara ya Leipzig ya 1879 mnayoiandika kwenye kila utangulizi, yuko karibu na mkia wa majina 100. Sehemu ya hesabu ilikuwa mara ngapi mtu ametajwa na majarida na vitabu vya kiada, na majarida hayo hayakuwa ya Mbeya.

5. Makala ya Maslow ya 1943 haina piramidi. Acheni kuichora kwa rula mkisema ni yake.

6. Freud asomwe kurasa zake mwenyewe, hata ishirini tu, ndipo achekwe.

7. Mnaolalamika kwamba Afrika haimo kwenye historia hii, mko nusu sahihi, ila mmempita Mary Ainsworth, mtafiti wa namna mtoto anavyoshikamana na mama, bila kusoma. Mnakariri kile chumba chake cha majaribio cha Baltimore, Marekani, mama anatoka, mgeni anaingia, mtoto analia. Kabla ya Baltimore kulikuwa na Uganda. Alifika Kampala 1954 akimfuata mumewe aliyepata kazi huko, akatafuta mkalimani, akawa anatembelea familia 26 za Waganda majumbani mwao. Kwenye vyumba vile ndiko alikomtazama mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumwangalia mama, anarudi, anaenda tena. Kitabu kikatoka 1967. Nusu ya mnayoyaita nadharia ya Bowlby, ile ya mtoto kushikamana na mlezi, inategemea watoto wale, na jina la Uganda halimo kwenye desa lolote nililowahi kuliona. Kundi linalotafuta mada lichukue hii kabla sijawapa mwaka wa pili.