Kuhusu familia ya Soong

Ndugu, umeuliza kama kweli ukoo mmoja uliwahi kushika siasa na hazina ya China. Ndiyo, ni akina Soong. Baba yao, Charlie Soong, alisomea dini Marekani, akarudi Shanghai akatajirika kwa kuchapa Biblia, na akamsaidia kwa fedha Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi yaliyoondoa utawala wa kifalme China.

Mabinti zake ndio waliounganisha kila kitu. Ching-ling aliolewa na Sun mwaka 1915, Mei-ling na Chiang Kai-shek, jenerali aliyekuja kuitawala China, mwaka 1927, na Ai-ling na mwenye benki H. H. Kung. Sasa tazama Wizara ya Fedha: kaka yao T. V. Soong aliishika kuanzia 1928, akaondoka 1933, akaingia nani? Shemeji Kung, hadi 1944! Ni chini ya Kung, mwaka 1935, China iliacha sarafu za madini ya fedha ikahamia noti, na serikali ilipozichapa bila kiasi wakati wa vita na Japani, akiba za watu wa kawaida ziliyeyuka. Hapo siwatetei hata kidogo.

Mimi namheshimu Ching-ling. Wakomunisti walipotwaa nchi na ndugu zake wakakimbilia ng'ambo, yeye alibaki China pamoja nao.